Kuku wa Angani na Mlango Uliofungwa: Ugomvi wa Vigemu vya Kizamani

Katika Space Quest III, gemu ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Sierra mwaka 1989, Roger Wilco, mfagiaji wa vyombo vya angani ambaye kila mara hujikuta anaokoa ulimwengu, anaegesha chombo chake kwenye mgahawa wa baga unaoelea angani. Ndani ya mgahawa kuna mashine ya gemu ya kutumbukiza hela, inaitwa Astro Chicken. Ukitumbukiza, skrini nzima inabadilika. Kuku anadondoka kutoka juu, nawe kazi yako ni kumpigisha mabawa kwa kipimo ili atue taratibu kwenye jukwaa dogo chini. Ukichelewa anajipigiza. Ukizidisha anapeperuka. Sheria zake zinafanana na za Lunar Lander, mashine ya Atari ya mwaka 1979 ambamo mchezaji alitua mwezini huku mafuta yakimwishia, ila hapa kinachotua ni kuku. Ukiwatua wa kutosha, mashine inatoa maandishi ya siri. Kuyasoma unahitaji pete ya kufumbulia inayokuja na mlo wa watoto unaouzwa humo humo mgahawani, na ukiyasoma unagundua kwamba waandishi wawili wa gemu wametekwa na kampuni ya ScumSoft na wanaomba waokolewe.

Zaidi ya miaka 30 imepita na kuku huyo bado anawagawa watu. Wapo wanaomkumbuka kwa mapenzi kuliko safari yenyewe ya Roger. Wapo waliokwama naye wakaiacha gemu nzima, na hasira yao haijapoa. Ukiwasikiliza kwa haraka utadhani ni suala la ladha, kwamba mmoja anapenda vya kizamani na mwingine hapendi. Mimi naona wanabishania mambo kadhaa tofauti kwa jina moja la vigemu vya kizamani, yaani gemu ndogo za mtindo wa zamani zilizopachikwa ndani ya gemu kubwa, na mambo hayo yakitenganishwa, pande mbili zinakaribiana kuliko zenyewe zinavyodhani.

Tuanze na gemu zinazozungumziwa. Gemu za visa na mafumbo ni zile ambazo unamtembeza mhusika, unaongea na watu, unaokota kamba hapa na ufunguo pale, kisha unajaribu kuunganisha hiki na kile mpaka njia ifunguke. Nyingi hazikuharakishi. Unaweza kuiacha skrini inawaka, ukaenda kupika chai, ukarudi na jibu kichwani. Mama yao ni Colossal Cave Adventure, ambayo Will Crowther, mwanaprogramu na mpenzi wa kuingia mapangoni, aliiandika katikati ya miaka ya 1970 akifuata ramani halisi ya sehemu ya pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani. Mwaka 1977 Don Woods akaipanua. Ilikuwa maandishi matupu: unaandika unachotaka kufanya, kompyuta inakujibu. Wepesi wa vidole haukuwa na kazi humo.

Gemu za mashine za kumbini, zile za kutumbukiza hela, zilijengwa kwa mantiki ya kinyume kabisa. Mwenye mashine anapata faida pale mteja anaposhindwa mapema na kutoa sarafu nyingine. Ndiyo maana kasi inapanda, maadui wanaongezeka, na hata mchezaji hodari mwishowe anazidiwa. Huo ugumu ulikuwa sehemu ya biashara.

Sasa chukua kipande cha gemu ya pili ukipachike katikati ya gemu ya kwanza. Mchezaji aliyeahidiwa kwamba atashinda kwa kuwaza anaambiwa ghafla ashinde kwa kuwahi. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, na ni malalamiko ya haki. Ukikwama kwenye fumbo, rafiki anaweza kukunong'oneza jibu na ukasonga mbele dakika hiyo hiyo. Ukikwama kwa kuku anayeanguka, rafiki hana cha kukunong'oneza. Wapo watu waliochagua gemu za visa makusudi kwa sababu mikono yao inauma, au macho hayakimbizani tena na vitu vinavyopita haraka, na mtu wa namna hiyo hakosi subira wala akili. Anayemwambia "fanya mazoezi" hajamwelewa hata kidogo.

Lakini tukiishia hapo tutasema vigemu vya kizamani havina nafasi katika gemu hizi, na hilo si kweli. Tazama Day of the Tentacle ya LucasArts, mwaka 1993. Ndani yake kuna chumba cha Ed, mmoja wa wahusika, na chumbani kuna kompyuta. Ukiwasha kompyuta hiyo, unacheza Maniac Mansion, gemu ya mwaka 1987 ambayo Day of the Tentacle ni mwendelezo wake. Si kipande cha kuonjesha: ni gemu nzima, mwanzo hadi mwisho, na inaweza kukumaliza saa kadhaa. Maniac Mansion ni ya zamani zaidi, picha zake ni za pikseli kubwa, na ina mitego ya kukufikisha mahali usipoweza tena kushinda. Mbona basi husikii watu wakilia kwamba imewaharibia Day of the Tentacle? Kwa sababu ukiizima kompyuta ya Ed unarudi chumbani na kisa chako kipo pale pale. The Dig ya mwaka 1995, gemu nzito na ya huzuni, nayo ina kigemu kidogo cha kutua chombo kilichofichwa ndani ya kifaa cha mawasiliano cha mhusika mkuu, na wengi wanaokigundua wanakifurahia. Kwa hiyo ukale wenyewe hausumbui, na ugumu peke yake hausumbui. Kinachosumbua ni kufungiwa mlango.

Wengi wanaobishania jambo hili hukomea hapa: kigemu kiwe cha hiari, basi, ugomvi umekwisha. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kitu cha hiari ni rahisi sana kugeuka pambo. Katika Life is Strange: True Colors ya mwaka 2021, baa ya mji ina mashine ambazo Alex, mhusika mkuu, anaweza kuzicheza, na moja ni Arkanoid, gemu ya Taito ya mwaka 1986 ya kupigapiga mpira na kubomoa matofali. Inapendeza, inaipa baa uhai, na ukiipita hujakosa lolote la kisa. Kuna wachezaji wanaouliza kwa nini basi iwepo, na swali lao si la dharau. Wanataka kila kilichowekwa mbele yao kiwe na sababu ya kuwa pale.

Kuku wa Space Quest anayo sababu. Waandishi waliotekwa wanalazimishwa kuandika programu kwa ajili ya waliowateka, na njia pekee waliyobaki nayo ni kuficha kilio chao ndani ya kazi yao, wakitumaini atatokea mchezaji mwenye bidii ya kukifikia. Fanya ujumbe upatikane bure na sehemu ya kisa inakufa. Hapo kufunga mlango kuna maana, maana bidii ya mchezaji ndiyo inayosimuliwa. Ninachoulaumu mlango wa namna hii ni pale unapokuwa hauna ngazi ya pembeni kwa asiyeweza.

Na ngazi hizo zilishabuniwa zamani, tena na watu wa enzi hizo hizo. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Space Quest ya kwanza, mwaka 1986. Roger amekwama kwenye sayari ya jangwa na anahitaji fedha za kununua chombo. Baa ya pale ina mashine ya kamari. Unaweka dau, vipicha vitatu vinazunguka, na vikisimama mafuvu matatu kwa mpigo, mashine inamuua Roger papo hapo. Hakuna ujuzi wowote unaopimwa. Watu walichofanya ni kuhifadhi gemu kila waliposhinda na kuirudisha kila walipopoteza, hifadhi, rudisha, hifadhi, rudisha, mpaka mfuko ukajaa. Huko siwezi kuita kucheza. Sierra ilipoitengeneza upya gemu hiyo mwaka 1991 kwa picha za kisasa za wakati ule, mchezaji aliwekewa kifaa chenye sumaku ambacho akikipachika kwenye mashine, bahati inamgeukia. Mafuvu bado yapo na baa ni ile ile, lakini anayeangalia mazingira yake na kufikiri ndiye anayeshinda. Kikwazo cha bahati kiligeuzwa fumbo, yaani kilirudishwa kwenye lugha ya gemu yenyewe.

Dynamix, waliokuwa chini ya Sierra, walichukua njia nyingine. Katika Rise of the Dragon ya mwaka 1990, ukishindwa mara kadhaa kwenye vipande vya mapambano, gemu inakuuliza kama ungependa kuendelea na kisa bila kukipita kipande hicho. Miaka 20 na zaidi baadaye, L.A. Noire ikafanya vivyo hivyo: ukishindwa mara tatu kwenye purukushani, unaruhusiwa kuiruka. Indiana Jones and the Fate of Atlantis ya mwaka 1992 haikungoja mchezaji ashindwe kwanza, ilimwachia achague atakavyoipita sehemu kubwa ya katikati: kwa ngumi, kwa akili, au akiwa na mwenzake.

Kuna wanaochukia hata kuulizwa. Wanasema swali lile linawafanya waonekane wameshindwa. Ninawaelewa, lakini sioni kwa nini fahari yao imfungie mtu mwingine njia. Anayetaka kushinda kwa mkono wake anabonyeza "hapana" na kuendelea kupambana, hajapungukiwa na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji hulisahau wanapopima ugumu wa vigemu vya zamani, nalo ni mashine waliyochezea. Baadhi ya gemu za enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, hazikupima muda kwa saa. Zilikwenda kwa kasi ya prosesa. Kilichotengenezwa kwa kompyuta ya mwaka 1987 kilipowekwa kwenye kompyuta ya miaka 10 baadaye, mawe yaliyokuwa yanakuja taratibu yalianza kukurukia usoni. Wawili wakibishana leo, mmoja akisema kipande fulani kilikuwa rahisi na mwingine akiapa kwamba hakipitiki, inawezekana wote wanasema kweli, kwa kuwa hawakucheza kitu kimoja. Programu ya DOSBox, ambayo huiga kompyuta za zamani, inakuruhusu kupunguza kasi kwa sababu hiyo hasa. Kabla hujamlaumu mtengenezaji, punguza kasi kwanza.

Sasa tuje kwenye wakati ndani ya kisa, ambako naona ubishi unakuwa mtamu zaidi. Shenmue, iliyotoka Japani kwa Dreamcast, mashine ya gemu ya nyumbani ya Sega, mwishoni mwa mwaka 1999, inaanza kwa baba yake Ryo Hazuki kuuawa mbele ya macho yake. Ni mwaka 1986, mji ni Yokosuka. Kijana anaapa kumtafuta muuaji. Kisha anaingia kwenye ukumbi wa gemu mtaani na kucheza Space Harrier. Wengi wameona hapo kisa kimejipinga: huwezi kuwa na kisasi moyoni ukakaa unafyatulia mazimwi kwa yeni 100.

Ila angalia jinsi gemu ilivyojengwa. Siku za Shenmue zina saa zake. Mtu unayemtaka atakuwepo saa moja jioni, na sasa ni saa nane mchana, na gemu hiyo ya kwanza haina kitufe cha kusogeza muda. Lazima ungoje. Ine-san, mama mzee wa nyumbani, anakuachia yeni 500 kila siku, hela ya matumizi. Kijana mwenye msiba, asiye na la kufanya mpaka jioni, na sarafu chache mfukoni, ataenda wapi? Kwangu mimi ukumbi ule ndio unaomfanya Ryo awe mtu wa umri wake. Na kilichomo ni halisi: Space Harrier na Hang-On zilitoka kumbini mwaka 1985, na aliyeziongoza zote mbili ni Yu Suzuki, muundaji wa Shenmue mwenyewe. Kwa hiyo Ryo hachezi kitu cha kizamani. Anacheza kitu kipya cha mtaani kwake. Uzamani uko upande wetu wa skrini. Mtu aliyeinunua Shenmue ilipotoka aliangalia nyuma miaka 13, anayeicheza leo anaangalia nyuma mara mbili, kwanza wakati Shenmue ilipotoka kisha wakati wa Ryo, na bado kwa Ryo ni mwaka ule ule. Sijui vigemu vingi vinavyofanya hivyo bila kusema neno.

Suala la kumbukumbu linanipeleka kwenye hoja ambayo wasomaji wa huku kwetu wana haki ya kuiuliza. Mzaha wa kumtua kuku unategemea uwe umewahi kuona Lunar Lander, na aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huenda hakuwahi hata kuiona mashine hiyo. Wengi wa rika la mwanzo wa miaka ya 2000 gemu yao ya kizamani ni nyoka wa Nokia, aliyeanza na simu ya 6110 ya mwaka 1997, akizidi kurefuka mpaka ajigonge mwenyewe huku mwenye simu akidai arudishiwe kabla chaji haijaisha. Kwa mchezaji huyu, kigemu kinachosimama kwa kumbukumbu ya wengine tu kinabaki kimya. Wengi wanaoonekana kuchukia mtindo wa kizamani hawauchukii. Wameletewa kumbukumbu isiyo yao na kutarajiwa wacheke. Kuku ananusurika kwa sababu anachekesha hata kwa asiyejua chanzo chake: kila mtu anajua kuku anavyoruka vibaya.

Vigemu vinavyodumu zaidi havimdai mchezaji kumbukumbu yoyote. What Remains of Edith Finch ya mwaka 2017 inaeleza vifo vya watu wa familia moja, kila mmoja kwa namna yake ya kuchezwa. Lewis anafanya kazi kiwandani, anakata vichwa vya samaki. Kidole gumba chako cha kulia kinashika samaki, kinamsogeza kwenye kisu, kinamtupa kwenye mkanda. Anakuja mwingine. Huku kazi ikiendelea, pembeni mwa skrini kunachomoza mawazo ya Lewis: mtu mdogo ndani ya vichochoro vinavyoonekana kutoka juu, picha sahili kama za gemu za miaka ya mwanzo, nawe unamwongoza kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono mmoja unachinja, mwingine unasafiri. Kidogo kidogo ufalme wa mawazoni unapata rangi, unapata muziki, unapata watu, unatambaa kwenye skrini mpaka kiwanda kinamezwa, lakini mkono wa kulia haujaacha kazi. Unasikia samaki anatua, unamkata bila kumtazama.

Hakuna pa kushindwa pale, wala alama, na huhitaji kuwahi kucheza kitu kama hicho kabla. Usahili wa picha za mwanzo unaonyesha wazo linavyoanza dogo, na mikono yako miwili inakueleza kuhusu akili ya Lewis jambo ambalo sauti inayosimulia isingekufikishia peke yake. Katika mjadala huu wote sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa wanaosema vigemu ni kujaza nafasi.

Kentucky Route Zero nayo, katika tendo lake la tatu lililotoka mwaka 2014, inawakutanisha wahusika na kompyuta kuukuu iliyo chini ya ardhi, na kwenye kompyuta hiyo kuna programu ya maandishi iitwayo Xanadu inayozungumzia mapango. Kisa kizima kinapita Kentucky, kwenye jimbo la pango lile la Crowther. Gemu ya visa inamkaribisha mama yake mezani kama kigemu. Ambaye hajui historia hiyo bado anakutana na watu waliopoteza miaka ya maisha yao kwenye programu isiyokamilika, na hilo linamtosha.

Nimeiacha makusudi mwishoni Night in the Woods, ya mwaka 2017 pia, kwa sababu hiyo inavuruga kanuni zote za hapo juu. Mae, paka mwenye miaka 20 aliyeacha chuo na kurudi kwa wazazi, ana kompyuta yake chumbani, na ndani yake kuna Demontower, gemu ya kukata mapanga kwenye ngome ya mashetani. Ni ya hiari kabisa, kisa kinakamilika bila hiyo. Lakini ni ngumu, ngumu kweli, ndani ya gemu ambayo kwa sehemu kubwa ni kutembea mtaani na kupiga soga na marafiki. Wapo wanaosema ugumu huo umekosea nyumba, na wengine wameifungua mara moja wasiirudie. Mimi niko na wanaoutetea. Mae halali, hana kazi, na kila mtu mjini anamuuliza kwa nini amerudi. Gemu nyepesi ya kupitisha dakika mbili isingekuwa ya msichana huyo. Anahitaji kitu kinachokataa kushindwa, ambacho saa nane za usiku anaweza kukirudia tena na tena, na akikipasua awe na jambo moja siku hiyo alilolimaliza.